"Nishikie hao watoto dakika tano": Mwalimu yuko kwa rejista, darasani hayuko

Ukitaka kujua walimu wa nchi hii wanaishi vipi, usiende shuleni. Njoo saiba mwisho wa muhula.

Mimi ndiye yule kijana wa saiba. Wiki ya mwisho kabla shule zifungwe, walimu hupanga foleni kwangu, kila mmoja na namba yake ya TSC na nywila aliyoisahau, tunajaza TPAD. Kama hujawahi kuisikia, TPAD ni ule mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu ambao Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2016. Mwalimu anajipa alama, mkubwa wake shuleni anazipitia, halafu zinaingia mtandaoni. Vyama vya walimu vimeulalamikia mfumo huu miaka na miaka, lakini fomu bado zinajazwa. Na nikuambie ukweli, kwa hizo fomu hakuna mwalimu mvivu Kenya hii. Mimi ndiye hubonyeza "tuma", kwa hivyo najua.

Muhula uliopita alikuja mwalimu mmoja nitakayemwita Madam tu, kwa sababu wale wanafunzi wake wanaoweza kutamka neno humwita hivyo. Anafundisha yuniti ya watoto wenye mahitaji maalum katika shule moja ya msingi ya umma hapa Eastlands. Ni jirani yetu wa siku nyingi. Nilipoacha chuo na kila mtu akawa na hotuba yake, yeye aliniuliza tu kama nimekula.

Tulipofika mahali pa vipindi vilivyofundishwa, akaniambia, "Hapo weka vile iko kwa rejista."

Nikaweka. Akanyamaza. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Kijana wangu, hiyo rejista ni uongo. Na sahihi ni yangu."

Nilidhani ni uchovu wa muhula. Nikamvutia kiti. Alichonisimulia ndicho kimenifanya niandike haya, na nimempa neno kwamba sitataja shule wala mtu.

Yuniti yao ina watoto 14 na walimu wawili. Kuna wenye usonji, kuna wenye mtindio wa ubongo, kuna wa kifafa, kuna ambao kituo cha tathmini kiliandika tu "ulemavu wa akili" na kuwaachia walimu wajipange. Jumanne moja kabla ya mapumziko ya saa tano, mwenzake aliingiza kichwa mlangoni. "Madam, nishikie hao watoto dakika tano. Nakimbia benki."

Dakika tano za huyu mwalimu, Madam anazijua. Huisha saa saba.

Haikupita muda, msichana mmoja akaanguka na kifafa. Madam akafanya alichofunzwa: akasukuma madawati, akamlaza kwa ubavu, hakumtia kitu mdomoni, akaangalia saa. Kwa sababu kwa kifafa, dakika tano ndiyo mpaka. Mtikisiko ukizidi hapo, hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa hivyo akapiga magoti sakafuni, macho kwa saa, anahesabu dakika tano za kweli huku akingoja mtu aliyeenda dakika tano za uongo.

Msichana alitulia kwenye dakika ya tatu. Madam alipoinua kichwa, watoto walikuwa 13.

Aliyekosekana ni mvulana wa miaka tisa mwenye usonji. Hazungumzi. Ukimwita hageuki. Anapenda vioo vya pikipiki kuliko kitu chochote duniani. Askari wa geti alikuwa amefungulia gari la chakula. Walimtafuta karibu dakika 40, wakampata kwenye steji ya boda ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya pikipiki ya mtu, ameshika kioo, anatabasamu. Mama wa chapati alikuwa ametambua sare ya shule na kuwaambia wale vijana wa boda wasiondoke naye.

Barabara hiyo ni ya mathree. Wewe mkazi wa Nairobi hauhitaji nieleze zaidi.

Mwenzake alirudi saa saba na mandazi kwa karatasi. Pole zilikuwa nyingi. Mama ya mtoto aliambiwa "alitoka kidogo nje." Na kwenye rejista, vipindi viwili vya mwalimu huyo Jumanne hiyo vimeandikwa vimefundishwa. Aliyejaza ni Madam.

Sasa, msomaji wangu, najua unachotaka kusema. Unataka kusema huyo jamaa afutwe. Ngoja kidogo, kwa sababu hii si hadithi ya mwalimu mmoja mtoro.

Anza na sheria. Kwa karatasi tuko sawa kabisa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kuna sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mtaala wa CBC nao umewawekea njia yao: mtoto ambaye hawezi kufuata gredi kama wengine anasonga kwa hatua, na kujihudumia ni sehemu ya masomo. Kufunga kifungo cha shati ni somo. Kushika kijiko ni somo. Kwenda choo ni somo, na linaweza kuchukua mwaka.

Kila mwaka mjadala wetu ni ule ule: walimu hawatoshi, TSC iajiri. Ni kweli, iajiri. Lakini tukihesabu walimu, tunahesabu majina. Hatuhesabu nani yuko mbele ya watoto saa nne asubuhi.

Benki ya Dunia ilitoa ripoti mwaka 2013 baada ya watafiti kufika katika shule zetu bila kupiga hodi. Waligundua kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa shule ya umma angewaambia bure. Katika shule za umma, tatizo kubwa halikuwa mwalimu asiyefika shuleni. Lilikuwa mwalimu aliyefika, akaonekana, na bado hayuko darasani. Yuko chini ya mti, yuko ofisini, yuko kwa simu, "yuko hapa tu."

Hii ndiyo aina ya utoro isiyo na jina. Ukikosa kazi siku nyingi bila ruhusa, TSC ina kanuni zake na ina barua. Ukihepa dakika tano mara nne kwa siku, hakuna barua. Kuna mwenzako tu wa kukushikia.

Kwa darasa la kawaida, utoro huu una dawa ya kienyeji. Mwalimu asipotokea, watoto hupiga kelele mpaka mwalimu mkuu asikie. Karani wa darasa, ambaye ni mwanafunzi, anaweka alama kwenye rejista ya vipindi: kimefundishwa, hakijafundishwa. Jioni mzazi anauliza, "Leo mmesoma nini?" na mtoto anajibu, "Mwalimu wa Hesabu hakuja." Mtoto mwenyewe ndiye kamera.

Twende yuniti. Karani wa darasa ni nani? Yule asiyezungumza? Yule ambaye bado anajifunza kushika penseli? Rejista inajazwa na mwalimu, kuhusu mwalimu, na kuthibitishwa na mwalimu. Kelele nazo hazimshtui mtu, maana shule nzima imeshazoea kwamba "huko kwa yuniti kuna kelele." Jioni mama akiuliza leo mmesoma nini, mtoto anaangalia ukuta.

Ndiyo maana nasema mfumo wetu wote wa kumchunga mwalimu umejengwa juu ya mtoto anayeweza kusema. Mtoto asiyeweza kusema ni zawadi kwa mwalimu mtoro. Hatamsema kamwe. Na hatujaweka kitu kingine mahali pa hiyo sauti yake.

Halafu Madam aliniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilimuuliza, si afadhali huyo jamaa akose kuja kabisa? Akasema ndiyo, ingekuwa afadhali.

"Akikosa kabisa najipanga. Naweka wale wawili wa kifafa karibu nami, tunaacha kutoka nje, siku inapita. Shida ni sijui. Saa mbili yuko, saa nne hayuko. Nimepanga yeye apeleke watoto choo, nimebaki na wa kulishwa, nikigeuka ameenda. Na kama mimi sijui, hao watoto je?"

Mtoto mwenye usonji mara nyingi huishi kwa ratiba. Wimbo wa asubuhi, kisha maji, kisha kiti kile kile, mtu yule yule. Ukimkatizia bila onyo, siku yake yote inaweza kuharibika: analia, anajiuma mkono, anakimbia. Sisi tutasema "leo amesumbua." Kumbe hajasumbua. Aliyevunja ratiba ni mtu mwenye mshahara.

Haya, sasa tumsikilize huyo mwenzake, kwa sababu naye ni mtu wa hapa kwetu.

Mimi namjua. Ana kibanda cha M-Pesa kwenye kona yetu. Hizo safari zake za benki ni za kutafuta floti. Nimetoa pesa kwake saa nne asubuhi siku ya shule, tukaongea mpira, akaniambia "sema kijana," nikaondoka. Sikujiuliza hata siku moja watoto wako na nani.

Huyu jamaa hakusomea elimu maalum. Kuna taasisi ya serikali inayofunza kazi hii, KISE, iko Kasarani tangu 1986. Yeye alisomea kufundisha watoto wa kawaida, akafundisha Hesabu kwa miaka, na kwa sifa nzuri. Kisha mwalimu wa pili wa yuniti akahamishwa, mwalimu mkuu akaangalia huku na huku, akamwambia, "Mwalimu, hebu nisaidie hapo kwa muda." Huo muda haujaisha. Hakuna aliyemfunza kumlaza mtoto wa kifafa kwa ubavu. Alijifunza kwa kumwangalia Madam. Siku ya kwanza mtoto alipomtapikia, aliosha shati kwa bomba la shule na akarudi darasani. Madam mwenyewe ndiye alinisimulia hilo, na alilisimulia kwa heshima.

Kisha kuna payslip. Wewe mwenye ajira unaijua: PAYE, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya afya kwa SHA. Juu yake weka mkopo wa sacco aliochukua kupeleka mtoto chuo. Sheria ya ajira inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na walimu wengi unaowaona wamefika kwenye huo ukuta. Kibanda cha M-Pesa ndicho chakula.

Kwa hivyo si shetani. Ni mtu aliyewekwa mahali asipopaweza, mshahara umekatwa pande zote, na kazi ambayo hakuna anayeiangalia. Ukichanganya hivyo vitatu, unapata dakika tano zinazoisha saa saba.

Lakini kueleza si kusamehe. Umaskini wa payslip haukumsukuma mvulana wa miaka tisa barabarani. Mtu mzima alichagua ni nani atakayebeba gharama ya floti yake, akachagua wale ambao hawataweza kudai. Angekuwa na Gredi ya 6 bado, angeenda benki saa ya chakula. Nina hakika, kwa sababu alipokuwa na Gredi ya 6, kibanda chake kilikuwa kinafunguliwa saa kumi na nusu jioni.

Na Madam je? Mbona amenyamaza mwaka mzima?

Hapa ndipo panauma. Mama yake Madam alipofariki, huyu mwalimu ndiye alikusanya michango ya walimu, akasafiri usiku kucha na mwili hadi kijijini, akashika beleshi. Yeye ni mweka hazina wa chama chao cha kufaana hapo shuleni. Utamripoti vipi mtu aliyemzika mama yako? Ukifanya hivyo, chumba chote cha walimu kitakuita msaliti. Mwalimu mkuu naye atakwambia yaleyale aliyomwambia Madam alipojaribu mara moja: "Mwalimu, nyinyi ni wawili tu huko. Elewaneni."

Elewaneni! Neno tamu hilo. Maana yake halisi ni: mimi sitaki kujua.

Undugu wa kazini ni kitu kizuri. Bila huo walimu wetu wangeshavunjika zamani. Lakini angalia vile unavyofanya kazi hapa: Madam analipa deni lake la mazishi kwa usalama wa watoto ambao si wake. Michango ilitoka mfukoni mwa walimu, marejesho yanatoka kwa mvulana aliyekaa juu ya pikipiki.

Nisijifanye malaika. Kabla niache chuo, mimi ndiye nilikuwa yule msee wa jina tu kwa kazi za kikundi. Jina langu liko kwa karatasi, kazi wamefanya wengine, na nilikuwa na sababu za kweli: kibarua, karo, kulala njaa. Wenzangu walinibeba kwa sababu walinionea huruma. Hakuna siku hata moja huruma yao ilinifanya nifike mapema. Ilinifanya nizoee. Na hapa saiba nimetuma fomu ngapi nikijua alama ni za kutunga? Shilingi 100 kwa kila fomu. Kwa hivyo hata mimi niko kwa hii laini.

Mwaka 2025 serikali ilikuwa mbioni kusaka wanafunzi hewa, wale wanaotumiwa mgao wa fedha na hawapo. Sawa, wasakwe. Lakini kipindi hewa nacho ni wizi. Kimelipiwa mshahara, na hakikufika.

Tufanye nini basi? Si lazima tungoje bajeti.

Kama wewe ni mzazi wa mtoto wa yuniti, nakuomba jambo moja: acha kushukuru tu. Najua umezungushwa shule tatu kabla ya kupata nafasi, na unaogopa ukiuliza sana mtoto atarudishwa nyumbani. Hiyo nafasi si fadhila, ni haki yake. Mnunulie daftari dogo la kubeba kila siku: asubuhi unaandika alivyolala, jioni mwalimu anaandika alichofanya na alikuwa na nani. Walimu wazuri wa elimu maalum hulipenda hilo daftari. Likirudi tupu siku tatu mfululizo, hiyo ndiyo sauti ya mtoto wako.

Pili, Sheria ya Elimu ya Msingi inataka bodi ya shule iwe na mtu anayewakilisha wenye mahitaji maalum. Uliza kwenu huyo ni nani. Kama hakuna anayejua jina lake, umeshapata jibu.

Kama wewe ni mwalimu mkuu, usiwaambie waelewane. Ingia yuniti saa nne asubuhi bila taarifa, keti dakika tano, utaelewa. Na kama uliweka mtu huko "kwa muda," mpe njia ya kutoka bila aibu, au mpe njia ya kusomea hiyo kazi. Mtu ambaye hataki kuwa mahali, mwili wake tu ndio utabaki pale.

Na kama wewe ndiye unayeombwa "nishikie," ofisini, dukani, kwa zamu ya hospitali, popote, jiulize anayelipa ni nani. Kama ni wewe, shikilia, huo ni urafiki. Kama anayelipa ni mtu mwingine asiyejua kwamba analipa, huo si urafiki tena.

Madam hakwenda TSC. Alianza na kitu kidogo: alimwambia mwenzake ana kwa ana kwamba hataweka sahihi tena kwa kipindi ambacho hakikufundishwa. "Mwalimu, nakuheshimu, na mama yangu ulimzika. Lakini hii kalamu nimeiweka chini." Jamaa alicheka. Kisha akakasirika. "Madam, siku hizi wewe ni TSC?" Wiki mbili hawakusalimiana, na kwa chumba cha walimu wakampa jina la Inspekta.

Wiki iliyofuata jamaa alikuja mapema siku tatu. Ya nne akapotea saa nne. Sijui itaishaje, na yeye pia hajui.

Juzi alirudi hapa saiba, akataka nimchapie kurasa 20 za jedwali. Safu tatu: jina, ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi. Anataka kulibandika mlangoni mwa yuniti kwa ndani, mahali ambapo kila anayetoka analiona. Nikamuuliza, na akikataa kuandika?

Akasema ataandika yeye, na ataandika mbele yake.

Nilitaka nimchapie bure, akakataa, akalipa yote. Kisha akaomba kalamu, akajaza mstari wa kwanza kabla ya kuondoka. Lilikuwa jina lake mwenyewe.